Ndoo Ipo Kushoto mwa Geti

Baba Salma,

Salamu zangu za kila siku unazipata kwenye simu, kwa hiyo hapa naziruka. Umetangaza kwenye kundi la ukoo, mbele ya mashangazi, wajomba na watoto wao, kwamba mkataba wako ng'ambo ya Ruvuma unakwisha, kwamba unarudi nyumbani moja kwa moja kabla ya Ramadhani, na kwamba ukifika usikute mbwa hata mmoja uani. Hukunipigia kwanza. Nilisoma kama walivyosoma wao, nimesimama jikoni, mkono mmoja umeshika simu na mwingine unasonga ugali wa mbwa hao hao. Ulichokisema mbele ya watu nakijibu mbele ya watu. Barua hii naiweka pale pale ulipoweka tangazo lako. Atakayeona haya aisome mpaka mwisho, ndipo aone haya.

Umeandika kwamba watu watakuja kukupokea na huwezi kuwapokea kwenye nyumba yenye mbwa. Mjomba wako wa Nanyamba akawa wa kwanza kukuwekea kidole gumba. Basi nakuarifu kwamba wakati anakiweka, mbwa wake mwenyewe, Chui, alikuwa amelala chini ya mpapai wangu akisubiri kula. Mjomba alimleta kwa mlango wa nyuma kabla ya msimu wa korosho, akaniomba nimfundishe kulinda ghala, na akaniomba nisimwambie mtu. Sasa nimewaambia.

Turudi mwanzo, maana naona mwanzo umeusahau. Mimi sikuwahi kutaka mbwa. Nilikuwa nawaogopa tangu utoto, na wewe ulikuwa unawaogopa kuliko mimi, ila ulikuwa unamwogopa zaidi bosi wako wa wakati ule. Alikuwa anakwenda likizo kwao na hakuwa na pa kumwacha mbwa wake, Tomi. Ukamwambia, "Mke wangu yupo nyumbani tu, atamlea." Maneno hayo uliyatoa wewe, ofisini, bila mimi kuwepo. Kumbe tabia ya kutangaza mambo ya uani kwangu ukiwa mbali na uani kwangu hukuianza kwenye simu.

Tomi alishuka kwenye gari mkubwa kama ndama, akaingia ndani kabla yetu, akalala mlangoni mwa jikoni. Mimi nilikuwa juu ya meza. Wewe ulikuwa juu ya kiti, umeikunja kanzu mpaka magotini. Nikasema, "Mwambie atoke." Ukasema, "Hajui Kiswahili huyu." Ukamwambia, "Sidi dauni," wakati tayari kalala. Hakujitikisa. Ukarudia kwa adabu zaidi, "Sidi dauni, plizi," naye akapiga mwayo mrefu, meno yote nje. Tulicheka mpaka mama yako akatoka chumbani na bakora, akauliza ni ugonjwa gani huu wa watu wazima kupanda juu ya samani. Siku ile nilikupenda sana. Naliandika hilo hapa ili usidhani nimelifuta.

Lakini kesho yake asubuhi ulivaa viatu ukaenda kazini. Mlangoni nilibaki mimi na Tomi.

Nikajifunza. Niliazima vitabu, nikatazama kwenye simu watu wa nchi za mbali wakiongea na mbwa wao kama wanaongea na maprofesa, na sehemu kubwa ya niliyoyaona haikunifaa. Mbwa wao walikuwa wanapewa vipande vya jibini kila wakikaa chini. Mimi nilikuwa na vichwa vya samaki na ukoko. Nikatafuta njia zangu. Kabla ya kila mlo niligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara chache, kwa mapigo yale yale, mpaka sauti hiyo ikawa ndiyo nyumbani kwao. Mbwa yeyote aliyekaa kwangu, hata awe mjinga kiasi gani, akisikia mwiko kwenye sufuria anakuja.

Watu walipoanza kuniletea mbwa wao, nikatenga uani. Upande wa jua kali na karo ni wetu: hapo tunafua, tunatawadha, watoto wanacheza. Upande wa mpapai ni wao, na katikati kuna wavu. Nina dera la upande ule na ndala za upande ule, na kwenye ukingo wa karo kuna kopo la udongo safi, maana chombo kilichoguswa na mate ya mbwa kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo, na mimi sijawahi kuruka hata moja. Unaniambia habari ya twahara, Baba Salma? Wewe ambaye likizo iliyopita ulivaa ndala za upande wa mbwa ukaenda nazo sebuleni mpaka kwenye mkeka wa mama yako? Ni Tatu, mwanao wa darasa la tatu, aliyekukimbilia na kopo la udongo. Na usiniletee habari kwamba dini imekataa. Unajua kama ninavyojua kwamba mbwa wa ulinzi ana nafasi yake, na mbwa wa mifugo ana nafasi yake. Usichokipenda ni kwamba wanakaa kwangu na watu wanajua ni kwangu.

Na kuna ndoo.

Ndoo nyeupe ya rangi, imepinduliwa, ipo nje ya geti upande wa kushoto, karibu na wavu mdogo niliouweka ukutani. Kila mtu anayeingia nyumba hii kwa mara ya kwanza, au baada ya kukaa mbali muda mrefu, anakaa kwenye ndoo ile. Haongei, hampi mbwa kitu, hamtazami machoni. Mbwa anakuja wavuni, anamnusa, anabweka akitaka, na akimaliza ya kwake analala chini. Akilala, nafungua geti. Ndiyo shule yenyewe hiyo, mengine ni nyongeza. Mbwa anayejifunza kwamba mgeni hupokewa kwa utulivu hatamrarua mtoto wa jirani aliyekuja kufuata mpira. Mzee wetu wa Mikindani mwenye duka la vitambaa, mtu mzima na kofia yake ya kushonwa, alikaa kwenye ndoo ile na tasbihi mkononi, tena alisema hajapata kiti kinachomtuliza moyo namna ile. Fundi wa umeme amekaa. Mwenyekiti wa mtaa amekaa, akasaini karatasi zake hapo hapo. Shangazi yako anayesoma barua hii sasa hivi amekaa, tena kwa kulalamika, "Nyie Wamakonde wa mjini mna mambo," lakini alikaa.

Wewe hujakaa. Hata siku moja. "Mimi nikalie ndoo kwangu?" ndiyo kauli yako. Unapiga honi, unaita majina, unasukuma geti kwa bega na mabegi yako, mbwa wanapandwa na wazimu, na kazi yangu ya wiki nzima inakwisha pale getini. Kisha unaniambia, "Mama Salma, mbwa wako hawana adabu."

Nataka ukumbuke na mwaka ule kazi yenu ng'ambo iliposimama. Ulirudi na begi moja ukakaa barazani miezi na miezi. Sikukusema. Mtu kukosa kazi si kosa lake. Nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nawasha moto, nampima mama yako sukari na kumpa dawa, naandaa watoto, nawatoa mbwa mmoja mmoja na kamba mpaka ufukweni Shangani wakati watu hawajatoka, narudi, nafagia upande ule, naoga, navaa upya, naenda sokoni kutafuta vichwa vya samaki kabla ya inzi hawajafika, narudi kumfundisha mbwa wa mtu kutokula kitu cha mkono wa mgeni, huku Tatu akiwa mgongoni na homa. Wateja waliongezeka: wenye maghala, wenye maduka, wafanyakazi wanaokwenda likizo. Tulikula. Watoto walisoma. Mama yako hakukosa dawa. Na rafiki zako walipopita barazani nilikusikia kwa masikio yangu kupitia dirisha la jikoni ukiwaambia, "Nimeanzisha kabiashara kangu ka mbwa hapa nyumbani."

Kako. Mwaka ule kalikuwa kako. Ulikuwa hujawahi kumfungia mbwa hata mmoja kamba ya shingoni. Niliondoka dirishani nikaendelea kukuna nazi, maana nilijiambia mtu aliyekosa kazi aachiwe kitu cha kusema mbele ya wenzake. Huruma ile naijutia. Ungekatwa kauli siku ile, leo usingekuwa na ulimi wa kuiita kazi hiyo hiyo "uchafu" kwenye kundi la ukoo. Kilipokulisha kilikuwa biashara yako. Ulipopata kazi tena kikawa uchafu wa mke wako. Hebu waeleze waliokuwekea vidole gumba kilibadilika lini, maana mbwa hawajabadilika.

Sasa tuje kwenye Idi, kwa sababu najua hadithi ya Idi umeisimulia huko ng'ambo kwa namna yako.

Ulikuwa likizo. Ulikuja na wenzako watatu kula pilau. Jimi, mbwa wa mzee wetu wa Mikindani, alikuwa bandani, mafunzo yake yamefika katikati. Mimi nilikuwa na sufuria kubwa jikoni, mama yako anataka maji ya moto, Tatu ana sabuni machoni bafuni. Nikasikia kicheko uani. Ukawaambia, "Huyu mimi nikimwambia kaa, anakaa. Mbwa anamjua mwenye nyumba." Ukafungua banda. Jimi alitoka taratibu. Alikutazama kidogo tu, kama mtu anayekutazama akijaribu kukumbuka alikuona wapi. Ukasema, "Kaa." Akapita katikati ya miguu ya rafiki yako mwenye kanzu ya kijivu, akatoka kwenye geti mlilolisahau wazi, akapotea.

Mbwa wa amana. Mtu alikuwa ameniachia kwa kuliamini jina langu, si lako.

Nilimkabidhi mama yako pilau kwa macho, nikachukua sufuria ndogo na mwiko, nikamwita Salma. Tukatoka na nguo zetu za Idi. Unajua Shangani ilivyo jioni ya sikukuu: mji mzima uko barabarani umependeza, watoto wana maputo ya rangi na ubuyu mdomoni, na sisi wawili tunapita katikati yao tunagonga sufuria. Watu hawakutuacha.

"Mama Salma, pilau imebaki? Tuje na sahani?"

"Anatafuta mume huyo. Kakimbia tena ng'ambo."

Mwanao, ambaye kwa kawaida hata salamu anaitoa kwa kunong'ona, akageuka akajibu, "Mume yupo. Amekaa nyumbani." Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi sikucheka. Niligonga.

Tulikwenda hivyo mpaka Ufukoni, mkono unaniuma, na kila nilipogonga nilikuwa naliona duka la vitambaa Mikindani na mzee wa watu akiinua uso kuniuliza mbwa wake yu wapi. Tulimkuta chini ya meza ya muuza pweza. Alikuwa ameketi. Aliposikia mwiko alisimama, akaja, akaegemea mguu wa Salma. Muuza pweza akaniambia, "Huyu wako? Nimemtupia kipande, hali. Kila mteja kamtupia, hali. Ananitazama kama hakimu. Nimwambie mwenye mbwa kitu kimoja: mbwa wake ana kiburi." Nikatazama chini. Vipande vya pweza vilikuwa vimemzunguka pande zote mchangani, vimejaa mchanga na sisimizi wanavitambalia, na hakuna kilichoguswa. Mbwa mwenye njaa, aliyepotea, katikati ya kelele za Idi, alikuwa anashika nilichomfundisha.

Sijawahi kukuambia nilivyojisikia pale. Nilitaka kukuambia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno, nilikuwa nimekwisha kukusamehe kufikia kona ya kwetu, kwa sababu nilikuwa na habari nzuri na mtu wa mke kumpa habari nzuri ni mume wake. Nikaingia. Mlikuwa mmekaa na vijiti vya meno midomoni. Hukuuliza kama mbwa amepatikana. Hukuuliza kama mtoto amechoka. Ulisema, "Pilau imeshika chini, umeiona?"

Basi zile habari nzuri nilimpa mama yako. Aliniita chumbani, akanikalisha kitandani kwake, akataka nimweleze kila kipande cha pweza. Yeye mbwa hawagusi na hatawagusa, anawaita wapangaji. Kila asubuhi ananiuliza, "Wapangaji wako wameamkaje?" na anajibiwa. Tangazo lako nilimsomea mimi, maana macho yake hayaoni tena herufi za simu. Akaniuliza, "Sasa wapangaji wakiondoka, dawa zangu atanunua nani? Yeye anayerudi kukaa?" Akataka nikuandikie swali hilo kama alivyolisema. Nimeliandika.

Leo hii nipo uani ninapomalizia barua. Salma ana mitihani ya kidato cha nne na bado anaamka kunisaidia kuwatembeza, nimemkataza, hasikii. Tatu amekaa upande wetu wa wavu anamsomea Chui hesabu za kuzidisha, na Chui anamsikiliza vizuri kuliko mwalimu wake. Tunachoka. Sitakudanganya kwamba nyumba hii ni rahisi. Kuna siku homa ya mtoto, sukari ya mama yako na mbwa anayeharisha vinanifikia kabla sijanywa chai, na nakaa chini kwenye sakafu ya jikoni kwa sababu sijui nianze na kipi. Siku hizo ndizo ninazokutamani, Baba Salma. Natamani mtu wa kushika kamba ya pili. Ulipoandika "narudi nyumbani moja kwa moja" nilifurahi kwa urefu wa sentensi moja, kabla sijafika kwenye sentensi iliyofuata.

Kwa hiyo sikiliza, na ukoo wote usikilize. Mbwa hawatoki. Chui anamaliza mafunzo yake kama nilivyokubaliana na mjomba, na baada yake anakuja mwingine, na Ramadhani tutafuturu upande wetu kama tulivyofuturu miaka yote wewe ukiwa mbali, kwa twahara ambayo hujawahi kuifagilia. Wageni wako waje. Nitawapikia. Asiyeweza kufuturu nyumba yenye mbwa upande wa pili wa wavu, basi akafuturu kwake, kama kwake kweli hakuna mbwa wake aliyepitia mikononi mwangu. Nikianza kuwataja hapa, kundi hili litakuwa na ukimya mkubwa.

Ama wewe. Ukifika, usipige honi. Usiite jina langu wala la mtoto, na usisukume geti, litakuwa limefungwa kwa ndani. Ndoo ipo kushoto. Weka mabegi chini, kaa. Chui atakuja wavuni na atabweka, kwa sababu hakujui, na hana kosa kutokukujua. Usimwambie kaa. Usimwambie kitu kwa Kiingereza. Mwache akunuse mpaka amalize. Kama wale uliowaalika wakupokee watakuwa wamesimama pale wanakutazama, nao wanasubiri zamu yao, sogea kidogo uwaonyeshe wanavyokaa wengine.

Nitakuwa upande wa pili, na dera langu la uani, nakutazama. Itachukua muda wowote itakaochukua. Mbwa akilala chini, nitafungua, na kamba ya pili ipo kwenye msumari nyuma ya mlango, imekusubiri tangu ile siku ya meza na kiti.

Usipokaa, geti halifunguki.

Mimi mkeo, niliye nyumbani.